Sura ya Sita: Muziki Usiopigwa Redioni

Swali ambalo wapenzi wa muziki hawaachi kuliuliza ni hili: ikiwa redio haiupigi wimbo, televisheni haiuonyeshi na duka la mtaani haliuuzi, mtu anayeupenda wimbo huo aliukutia wapi? Swali hilo huwa zito zaidi linapohusu miaka ya 1980 na 1990, kabla intaneti haijaingia majumbani, kwa sababu katika miaka hiyo walikuwapo vijana wa miji midogo ya Marekani na Uingereza, walioishi mbali na kumbi za New York, London na Manchester, ambao walizijua vizuri bendi ambazo majirani zao hawakuwahi kuzisikia hata kwa jina. Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni matatu, yaani kaka mkubwa aliyerudi likizo kutoka chuoni na kaseti zake, mtangazaji wa redio wa usiku wa manane, na rafiki aliyehamia kutoka jiji jingine. Yote matatu ni ya kweli, lakini yanaliacha la nne, ambalo ni jengo tulivu lililojengwa kwa kodi za wananchi, ambamo kijana asiye na senti mfukoni aliweza kuingia Jumamosi asubuhi na kutoka na albamu nne kwa kuonyesha kadi ya uanachama tu.

Jengo hilo ni maktaba ya umma, na sura hii inaeleza kwa nini liliufaa muziki mgeni kwa namna ambayo hata duka kubwa la santuri halikuweza. Sababu haikuwa wingi wa santuri, kwa kuwa maduka makubwa yalikuwa nazo nyingi zaidi. Sababu ni kwamba maktaba ilimwondolea msikilizaji gharama ya kukosea, na muziki usiofanana na ule uliozoeleka hauwezi kupendwa na mtu anayeogopa kukosea.

Muziki mbadala ni upi?

Muziki mbadala ni jina la jumla, na kama majina mengi ya jumla, lilibandikwa na wauzaji na waandishi wa magazeti kabla ya kukubaliwa na wanamuziki wenyewe. Kwa asili lilimaanisha muziki, hasa wa roki, uliorekodiwa nje ya kampuni kubwa au kwa ladha isiyofuata kile kilichokuwa kikiuzika wakati huo. Mizizi yake ya karibu ni panki, yaani roki ya kasi, fupi na isiyo na mapambo iliyozuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, ikipigwa na vijana walioona kwamba si lazima mtu awe fundi wa gitaa ndipo apande jukwaani. Vijana hao walipokataliwa na kampuni kubwa, au walipozikataa wao, walianzisha lebo huru. Lebo ni kampuni inayogharamia kurekodi, kutengeneza na kusambaza santuri, na lebo huru ni ile isiyomilikiwa na kampuni kubwa. Rough Trade ya London na Factory ya Manchester zilianzishwa mwaka 1978, Dischord ya Washington mwaka 1980, na Sub Pop ya Seattle mwaka 1986, nyingi kati ya hizo zikiendeshwa kutoka chumba cha nyuma cha duka au nyumba ya mtu.

Nchini Marekani muziki huo ulisikika hasa kwenye redio za vyuo vikuu, ambazo mawimbi yake mara nyingi hayakuvuka mipaka ya mji wa chuo. Bendi ya R.E.M., iliyoundwa mwaka 1980 katika mji wa Athens, Georgia, ilijijenga kwa njia hiyo, na albamu yake Murmur ya mwaka 1983 ikawa kielelezo cha namna bendi inavyoweza kuheshimiwa nchi nzima bila kupigwa sana na redio za biashara. Kisha Nirvana walitoa Nevermind mwezi Septemba 1991, na kufikia Januari 1992 albamu hiyo ilikuwa juu kabisa katika orodha ya mauzo ya Marekani, jambo lililolifanya neno lenyewe likose maana, kwa kuwa kitu kinachouzika kuliko vyote hakiwezi tena kuitwa mbadala wa kinachouzika. Hata hivyo jina lilibaki, na katika sura hii linatumika kwa maana yake ya awali: muziki ambao msikilizaji wa kawaida hakupelekewa, ikambidi autafute.

Bei ya kukosea

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, CD moja mpya iliuzwa Marekani kwa bei iliyokuwa mara nyingi kati ya dola 12 na 17, ilhali kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu kilikuwa dola 4.25 kwa saa kuanzia mwaka 1991. Kijana aliyeosha vyombo hotelini jioni baada ya shule alihitaji takriban saa tatu au nne za kazi, kabla ya kodi, ili anunue albamu moja, na maduka mengi hayakumruhusu kuisikiliza kwanza wala kuirudisha baada ya kuifungua. Mtu wa namna hiyo, kwa busara tu, hununua kile ambacho tayari ana hakika nacho, yaani albamu yenye wimbo aliokwisha kuusikia redioni mara ishirini. Ndivyo soko lilivyojifungia mlango: redio ilipiga kinachouzika, na kikauzika kilichopigwa na redio.

Jambo la pili linahusu sikio. Muziki usiofuata desturi mara nyingi hauvutii unaposikilizwa mara ya kwanza, kwa sababu sikio hutafuta mahali pa kushika na halipaoni: sauti ya mwimbaji imezikwa chini ya magitaa, kiitikio kinachelewa, au wimbo unaishia pale ulipotarajiwa kuanza. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wakimaanisha kwamba baada ya muda mfupi mgeni huwa mtu wa nyumbani na hushiriki kazi, na albamu ngeni huwa hivyo pia, ila siku zake hazipungui majuma. Maktaba nyingi ziliazimisha CD kwa wiki mbili au tatu, na muda huo, uliopangwa kwa sababu za kiutawala tu, ulilingana vizuri na muda ambao sikio linahitaji. Albamu iliyochukiza Jumamosi ilisikilizwa tena Jumatano kwa kuwa ipo tu mezani, na ilipofika siku ya kurudisha, mwenyewe hakutaka kuiachia.

Kwa kifupi, muziki mbadala ulihitaji vitu viwili ambavyo duka halikuweza kuvitoa, navyo ni ruhusa ya kukosea bila hasara na muda wa kuzoea. Maktaba ilitoa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Santuri ziliingiaje miongoni mwa vitabu?

Wapo wanaodhani kuwa muziki uliingia maktabani pamoja na CD, lakini historia yake ni ndefu zaidi. Maktaba ya umma ya St. Paul, jimbo la Minnesota, hutajwa kuwa ya kwanza Marekani kuazimisha santuri, tangu mwaka 1914, wakati santuri zilipokuwa nzito, zikivunjika kama sahani, na kila upande ukibeba dakika chache tu za muziki. Mambo yalirahisika mwaka 1948, kampuni ya Columbia ilipotoa santuri ya plastiki inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ambayo ilibeba zaidi ya dakika 20 kila upande na haikuvunjika ilipoanguka. Baada ya hapo uazimishaji wa santuri ulienea katika nchi nyingi za Ulaya. Ubelgiji, kwa mfano, ilianzisha katika miaka ya 1950 taasisi ya kitaifa ya kuazimisha santuri, ambayo baadaye ilitumia hata mabasi ili kuwafikia watu walioishi mbali na matawi yake.

Uingereza ilikuwa na utaratibu ambao leo unaweza kushangaza. Vitabu viliazimwa bure, lakini santuri mara nyingi zilitozwa ada ndogo, na zipo maktaba zilizomtaka mwanachama aje kwanza na sindano ya gramafoni yake ili ikaguliwe, kwa sababu sindano iliyochakaa hukwangua njia za sauti kila inapopita. Santuri iliporudishwa, mhudumu aliitoa ndani ya jalada, akaiinamisha chini ya taa ili mwanga uteleze juu ya mifereji yake, akatafuta mikwaruzo, na kila mkwaruzo mpya akauandika kwenye kadi ya santuri hiyo ili mwazimaji anayefuata asibebeshwe kosa la mwenzake. Ukaguzi huo ulichelewesha foleni na kuwaudhi wengi, lakini pia ulimfundisha mwazimaji kwamba kitu alichokishika ni mali ya wengi, na kwamba mtu asiyemjua ataisikiliza santuri ile ile baada yake.

Sheria nayo ina sehemu yake. Nchini Marekani, mtu aliyenunua nakala halali ya kitabu au santuri ana haki ya kuiuza, kuigawa au kuiazimisha nakala hiyo bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, kanuni iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1908. Mwaka 1984, kampuni za muziki zilipoogopa kwamba maduka ya kukodisha santuri yangeua mauzo, bunge lilipitisha sheria ya kuzuia kukodisha santuri kibiashara bila idhini, lakini sheria hiyo hiyo ikaziachia maktaba na taasisi za elimu zisizotafuta faida ziendelee kuazimisha kama kawaida. Kifungu hicho hakisimuliwi sana katika historia za roki, ingawa bila hicho sehemu kubwa ya masimulizi ya sura hii isingekuwapo.

Haifai kuficha kwamba waazimaji wengi walinakili. Kaseti ya dakika 90 ilikuwa na dakika 45 kila upande, kwa hiyo ilitosha albamu moja upande wa kwanza na nyingine upande wa pili, na mwaka 1981 umoja wa kampuni za kurekodi za Uingereza ulianzisha kampeni maarufu ya kuonya kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki, ikiwa na picha ya kaseti iliyochorwa kama fuvu la kichwa. Wanamuziki walikuwa na haki ya kudai jasho lao, na hilo halina ubishi. Ila hesabu za kampeni hiyo zilimchukulia kila aliyenakili kuwa mnunuzi aliyepotea, wakati wengi wao walikuwa vijana ambao bila maktaba wasingenunua wala kunakili, bali wasingejua kabisa kwamba muziki huo upo.

Rafu ya herufi P

Ili kuelewa kazi ya maktaba ni vizuri kuitazama rafu moja kwa karibu. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa namba uliobuniwa na Melvil Dewey na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, ambamo muziki una namba 780, na ndani yake jazi imepewa 781.65 na roki 781.66. Kwa CD, maktaba nyingi za Marekani ziliona ni rahisi zaidi kugawa kwa aina kubwa za muziki na kisha kupanga kwa alfabeti ya jina la msanii, katika masanduku ya wazi yenye urefu wa kiuno, ambayo mtu huyapekua kwa vidole viwili akizisukuma CD mbele moja baada ya nyingine, na vikasha vya plastiki vikigongana kwa mlio mkavu.

Anayepekua herufi P chini ya roki hukutana na Pavement wa Stockton, California, kisha Pere Ubu wa Cleveland, kisha Pixies wa Boston, kisha Pogues, na hatua chache mbele yupo Elvis Presley, akifuatwa na Prince. Alfabeti haijui nani ameuza milioni na nani ameuza elfu tatu. Duka lingemweka Presley mbele karibu na mlango, likampa Prince picha ya ukutani, na Pere Ubu, kama wangekuwapo kabisa, wangewekwa kwenye kona ya nyuma. Maktabani wote wana upana ule ule wa sentimita moja, wote wana kibandiko kile kile cha namba, na mtoto aliyekuja kumtafuta Prince analazimika kupita juu ya Pavement na Pixies kabla hajamfikia. Mara moja kati ya mara kumi, jalada la ajabu humsimamisha.

Hapa pana tofauti kubwa na programu za kupendekeza nyimbo zinazotumika leo katika huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti. Programu hizo hutazama kile ambacho msikilizaji amekwisha kukipenda na kumpa kinachofanana nacho, na zinaifanya kazi hiyo kwa ustadi, lakini kufanana ndiko kunakoiongoza kila hatua. Alfabeti humweka mtu karibu na kitu kisichofanana hata kidogo na alichokifuata, kwa sababu tu majina yao yanaanza na herufi moja, na ukaribu huo usio na sababu umewafungulia watu wengi milango ambayo ladha yao wenyewe isingewafungulia.

Kijitabu cha ndani kama ramani

CD ya maktaba haikuwa sauti peke yake. Ndani ya kikasha mlikuwa na kijitabu, mara nyingi chenye pembe zilizojikunja kwa kupita mikono mingi, na maandishi yake madogo yalikuwa ramani ya safari inayofuata. Mwazimaji mwangalifu alisoma mambo haya:

- jina la lebo, kwa kuwa lebo huru zilikuwa na ladha, na aliyependa toleo moja la lebo ya 4AD ya London alikuwa na sababu nzuri ya kujaribu jingine;
- jina la mtayarishaji, yaani msimamizi wa kurekodi, ambaye huacha alama yake kwenye sauti ya ngoma na magitaa;
- majina ya watunzi, ambayo hufichua nyimbo zilizoazimwa kutoka kwa wasanii wengine;
- orodha ya shukrani, ambamo bendi hutaja bendi rafiki.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi uzi huo unavyovutwa. CD ya Nirvana iitwayo MTV Unplugged in New York, iliyotoka Novemba 1994 baada ya kifo cha mwimbaji wake, Kurt Cobain, ilinunuliwa na maktaba nyingi kwa sababu bendi ilikuwa maarufu mno. Msomaji wa kijitabu chake aligundua kwamba nyimbo sita kati ya 14 hazikutungwa na bendi hiyo: tatu ni za Meat Puppets wa Arizona, moja ya Vaselines wa Uskoti, moja ya David Bowie, na ule wa mwisho ni wimbo wa kale wa kienyeji uliofuata mpangilio wa Lead Belly, mwimbaji Mweusi wa kusini mwa Marekani aliyefariki mwaka 1949. Kijana aliyekuja kwa ajili ya bendi iliyovuma kuliko zote aliondoka na majina manne ya kuulizia kaunta, na lile la mwisho lilimtoa kabisa kwenye rafu ya roki na kumpeleka kwenye rafu ya nyimbo za asili, miaka 50 nyuma.

Huko alikutana na lebo ya Folkways, ambayo ilikuwa na uhusiano wa pekee na maktaba. Moses Asch aliianzisha New York mwaka 1948, na hadi alipofariki mwaka 1986 alikuwa ametoa albamu zaidi ya 2,000: nyimbo za wafungwa na za watoto, hotuba, sauti za vyura, muziki wa karibu kila bara, pamoja na rekodi za Lead Belly. Kinachoshangaza zaidi ya wingi huo ni kwamba aliukataa utaratibu wa kufuta albamu isiyouzika, akilinganisha orodha yake na kamusi, ambayo haiondoi herufi kwa sababu tu maneno yanayoanza nayo ni machache. Lebo ya namna hiyo isingeishi kwa wanunuzi wa dukani peke yao. Maktaba na shule zilikuwa miongoni mwa wateja wake wa kutegemewa, na taasisi ya Smithsonian ilipoichukua mwaka 1987 iliahidi kwamba kila albamu itaendelea kupatikana. Asch na wakutubi walielewana bila kuhitaji kuelezana, kwa sababu wote wawili waliamini kwamba kitu kinachotafutwa na mtu mmoja kwa mwaka kinastahili kuwekwa mahali atakapokikuta.

Kijiji cha wachimba makaa

Kuna kisa kinachoonyesha kwamba maktaba imechangia hata kuzaliwa kwa muziki wenyewe. Katika mabonde ya makaa ya mawe ya Wales kusini, wachimbaji walikuwa na desturi ya kukatwa peni chache katika mshahara ili kuendesha majengo yao ya mikutano na maktaba, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 maktaba hizo zilifikia zaidi ya 100. Katika kijiji kimoja cha huko, Garnant, alizaliwa mwaka 1942 John Cale, mtoto wa mchimba makaa na mwalimu wa shule, ambaye nyumbani alilelewa kwa Kiwelshi na akakijua Kiingereza shuleni. Cale ameeleza jinsi maktaba ya kijijini ilivyomwezesha kuagiza nota za watunzi wa kisasa kutoka mbali, kwa utaratibu ambao wakutubi huuita kuazimana kati ya maktaba, ambapo maktaba ndogo isiyo na kitu fulani huiomba kubwa iliyonacho, na mwanachama hupelekewa hapo hapo kijijini.

Kijana huyo alifika New York mwaka 1963, na pamoja na Lou Reed akawa mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Velvet Underground, ambamo viola yake, chombo kinachofanana na fidla ila ni kikubwa kidogo, ilivuta sauti moja ndefu isiyokatika chini ya magitaa. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1967, yenye picha ya ndizi ya Andy Warhol kwenye jalada, haikuingia hata katika albamu 100 za juu za Marekani wakati huo. Hata hivyo ni vigumu kutaja bendi mbadala ya miaka iliyofuata isiyodaiwa nayo kitu, kuanzia R.E.M., waliorekodi nyimbo kadhaa za Velvet Underground, hadi bendi ambazo hazijui deni lao limetoka wapi. Peni za wachimba makaa wa Garnant zimo ndani ya sauti hiyo, na zinastahili kutajwa.

Nani anachagua?

Rafu nzuri haijipangi. Nyuma yake yupo mkutubi mwenye bajeti ndogo, anayesoma uhakiki wa albamu, anayepokea maombi ya wanachama kwenye vijikaratasi, na anayejua kwamba akinunua nakala kumi za albamu inayovuma atakosa fedha za albamu tisa nyingine. Wengi walitegemea vitabu vya mwongozo, kama vile Trouser Press Record Guide, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1983 na kueleza santuri za bendi ambazo magazeti makubwa hayakuzigusa. Kitabu hicho mara nyingi kilikuwa pia rafuni, kwa hiyo mwazimaji na mkutubi walisoma ramani moja.

Umuhimu wa mkono wa mkutubi ulidhihirika mwaka 2004. Kampuni kubwa za muziki na wauzaji walikuwa wameshtakiwa na majimbo ya Marekani kwa kupandisha bei za CD, na katika suluhu iliyofikiwa, pamoja na fedha taslimu, walikubali kutoa CD zaidi ya milioni tano kwa maktaba, shule na vyuo. Ilikuwa zawadi ya kihistoria, lakini maboksi yalipofunguliwa, wakutubi wengi waliona rundo la nakala za kitu kimoja na albamu ambazo ni dhahiri zilikwama ghalani. Maktaba moja ya jiji ilipata nakala zaidi ya 1,000 za rekodi moja ya wimbo wa taifa. Maelfu ya CD zilizotolewa bila mtu wa kuzichagua hazikuzaa kile ambacho CD 300 zilizochaguliwa na mkutubi makini zilikizaa katika mji wa watu 20,000.

Taarabu katika rafu ya ugenini

Neno mbadala hutegemea sikio linaishi wapi. Mwaka 1983 John Storm Roberts, mwandishi Mwingereza aliyewahi kuishi Kenya, alitoa kupitia lebo yake ndogo ya Original Music albamu ya nyimbo za taarabu za pwani ya Kenya iitwayo Songs the Swahili Sing. Kwa mtu wa Mombasa nyimbo hizo ni za harusini, na wanaozifahamu ni wengi kuliko wasiozifahamu. Kwa Mmarekani aliyezikuta katika sanduku la muziki wa dunia, kati ya Jamaika na Korea, zilikuwa ngeni kuliko panki yoyote, na hakuna redio ya mji wake ambayo ingempigia.

Afrika Mashariki yenyewe ilifuata njia nyingine. Huduma za maktaba zilizoanzishwa baada ya uhuru, Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1963 na Kenya mwaka 1965, zilikabiliwa na kazi kubwa ya kusambaza vitabu na kuunga mkono elimu ya kusoma na kuandika, na hazina kubwa ya muziki ikabaki kwenye kanda za redio za taifa. Redio iliichagulia nchi nzima nyimbo za kusikiliza pamoja, na upendo uliotokana na hilo ni wa kweli. Lakini mtu mmoja hakuwa na njia ya kuifikia kanda ya bendi aliyoisikia mara moja, kuipeleka nyumbani na kuisikiliza mara tano mpaka aielewe, na pengo hilo bado halijazibwa.

Mihuri ya tarehe

Santuri nyingi ziliondolewa maktabani CD zilipoingia, na sasa CD nazo zinapunguzwa, nafasi yake ikichukuliwa na huduma za mtandaoni ambazo maktaba hulipia kwa niaba ya wanachama. Baadhi ya maktaba zimegeukia muziki wa nyumbani kwao: ile ya Iowa City iliwalipa wanamuziki wa eneo hilo ili wanachama wapakue albamu zao bure, na ya Seattle, mji wa Sub Pop, ilianzisha mkusanyo wa namna hiyo mwaka 2016.

Kitu kimoja cha zamani, hata hivyo, hakijapata mrithi. Kabla ya kompyuta kuenea, kitu kilichoazimwa kilibandikwa karatasi nyembamba ambayo mhudumu aliigonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, mmoja chini ya mwingine. Msikilizaji aliyeamini kwamba katika mji mzima ni yeye peke yake anayeipenda bendi fulani aliifungua karatasi hiyo na kuona tarehe sita au saba za mwaka huo, ambazo hazikuwa zake. Hapakuwa na majina, ila wino wa zambarau na namba. Kisha ilitokea siku moja akafika kaunta kuomba kuongezewa muda, kama alivyokwisha kufanya mara mbili, na mhudumu akamwambia kwamba safari hii haiwezekani, kwa sababu kuna mtu mwingine ameiwekea oda.